Siku Leota Alipoushikilia Mwamba

Dada yangu Leota aliolewa mara ya pili akiwa na miaka sitini na sita, na nywele zake nilizitengeneza mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu picha za harusi ile zimeshazunguka kaunti nzima, na wapo wateja wanaokaa kwenye kiti changu saluni wakaniuliza, huku wamejikaza wasicheke, kama mtindo ule ndio niliokusudia. Sikuukusudia. Saa tatu na nusu asubuhi Leota aliinuka kwenye kiti kile akiwa na fundo la nywele kisogoni lililosukwa kama kikapu cha maonyesho, vibanio ishirini na vinane, na dawa ya kupuliza ya kutosha kuhimili kimbunga. Yaliyofuata si kazi ya saluni.

Mwanamume aliyekuwa akimsubiri kanisani ni Ansel Hoevener, miaka sabini, mjane mwenzake, aliyeendesha buldoza kwenye machimbo ya mawe maisha yake yote. Leota naye alikuwa amegawa barua kwa miaka thelathini na moja katika barabara zote za vijijini upande wetu huu wa Indiana. Walikutana kwenye chama cha waokota visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kinachokusanyika ukumbi wa maktaba kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Huku kwetu huwezi kupanda nyanya bila kuchimbua bahari. Kila jiwe la uani lina kombe ndani yake, na kila mtoto anajua kwamba hapa palikuwa maji matupu, miaka milioni mia nne na arobaini na kitu iliyopita, kabla hata samaki hawajawa na taya.

Basi wale wawili walipendana kwa kubishana. Na walichobishania kwa miaka kumi na moja ni kitu kimoja tu: wageni walifika lini?

Bahari ile ya zamani ilikuwa na wenyeji wake: makombe, konokono, viumbe wenye magamba wanaojikunja kama kakakuona, maua ya baharini ambayo si maua. Walikaa kwa raha zao muda mrefu mno. Halafu wakaja wengine kutoka bahari za mbali, vifaranga vyao vidogo kuliko punje ya chumvi vikisukumwa na mikondo: matumbawe yenye umbo la pembe ya ng'ombe, makombe yenye mikunjo mikali, jamaa za ngisi waliovaa nyumba ndefu zilizonyooka kama mikuki. Wenyeji wengine walitoweka. Wengine walibanwa pembeni, na wengine wakabadilika kizazi hadi kizazi mpaka wakawa kitu kingine. Hayo yote yameandikwa kwenye miamba yetu na hakuna anayeyabishia.

Ubishi ulikuwa juu ya tabaka moja tunaloliita Mkeka, kwa sababu limejaa makombe bapa yaliyolaliana kama ukindu uliosukwa. Ansel alisema wageni walikuja kwa mkupuo, wote kwa pamoja, baada ya Mkeka. Chini ya Mkeka hakuna mgeni hata mmoja. Leota alisema hapana, watu hawahami hivyo, na wanyama nao hivyo hivyo. Lazima kulikuwa na wachache waliotangulia, wakajaribu, wakashindwa.

"Nionyeshe mmoja," Ansel alikuwa akimwambia.

Na Leota alimwonyesha. Mara tatu alimletea tumbawe la pembe aliloliokota chini ya Mkeka, na mara zote tatu lilikuwa limelala peke yake kwenye kifusi. Ansel aliligeuza, akaliangalia, akalirudisha kwa upole.

"Limeanguka kutoka juu, mpenzi."

Mara ya tatu alimwambia hivyo mbele ya chama kizima, na Leota akamwaga kahawa yake kwenye kisahani, akaenda zake. Wiki mbili baadaye Ansel alimchumbia. Leota alikubali kabla hajamaliza kupiga goti, halafu akamwambia akiwa bado palepale chini: "Lakini halikuanguka."

Sasa tuingie kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa mwaka wa nyenje, wale wanaokaa ardhini miaka kumi na saba wakatoka wote kwa pamoja. Miti ilikuwa ikipiga mayowe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ile jua likatoka kali, kila kitu kikawa kinafuka mvuke. Nilikuwa naendesha mimi. Leota alikaa kando yangu katika gauni la rangi ya maziwa lenye lasi hadi shingoni, ameshika shada lake la maua kama mtu aliyeshika usukani, na kioo cha dirisha amekishusha chote.

"Dada, pandisha kioo. Nyenje watakuingia kichwani."

"Waache. Nao wamealikwa."

Alikuwa na furaha ya kipumbavu, na mimi pia. Tuliimba. Tulimsema mume wangu wa zamani. Tulifika Goose Fork, pale barabara kuu ilipokikata kilima katikati na kuacha ukuta wa mawe pande zote mbili, na Leota akaacha kuimba.

"Verena, simama."

"Sisimami."

"Mvua imeangusha uso mzima wa mwamba. Angalia! Ni mpya kabisa!"

"Dada, saa nne na dakika arobaini. Harusi saa tano."

"Dakika mbili tu. Nachungulia."

"Utachungulia kesho ukiwa mke wa mtu."

Akashika kitasa cha mlango. Tulikuwa tunakwenda maili hamsini kwa saa. Namfahamu dada yangu. Nikakanyaga breki, gari likaenda pembeni likirusha kokoto, na kabla halijatulia alikuwa ameshashuka, gauni amelikusanya mikononi kama mtu anayevuka mto.

Nilimwona akipanda kifusi kwa viatu vyake vyeupe. Nilimwona akisimama, akiinamisha kichwa. Kisha nikasikia ukelele ambao sijamsikia akiutoa tangu akiwa na miaka tisa, siku baba alipomshusha farasi mdogo kutoka kwenye trela.

"Limo! Verena! Limo ndani!"

Nikamfuata nikitukana. Chini ya Mkeka, usawa wa goti langu, mwamba mpya wa kijivu ulikuwa unang'aa kwa maji, na katikati yake lilichomoza tumbawe la pembe, dogo kama kidole gumba, na mistari yake yote iko wazi kana kwamba limechongwa jana. Halikuwa limelala juu ya kitu. Lilikuwa limeshikwa na mwamba wenyewe pande zote.

"Hongera," nikasema. "Piga picha, twende."

Akaligusa, kwa ncha ya kidole tu. Na pande zima la mwamba, kubwa kama begi la safari, likatoa mlio wa kunyonya na kusogea mbele. Chini yake kulikuwa na udongo laini uliolainishwa na mvua, na udongo ule ulikuwa unatiririka kama uji. Pande lilitaka kushuka.

Leota akachuchumaa, akaliwekea bega.

"Dada! Toka hapo!"

"Sitoki."

"Litakuponda miguu!"

"Likianguka, Verena, tumbawe litakuwa kwenye kifusi. Na likiwa kwenye kifusi, Ansel atasemaje?"

Sote wawili tulijua Ansel atasemaje.

"Mpigie aje," akasema, uso wake umeshagusa matope. "Mwambie harusi hakuna mpaka aje aone."

Ansel hakupokea simu, maana Leota mwenyewe alikuwa amemwapisha aiache kwenye pikapu. Nikampigia Mchungaji Maxine Dreyer. Ambacho sikukijua ni kwamba Mchungaji alikuwa ameiunganisha simu yake na spika za kanisa ili apige muziki wa kuingilia bibi harusi. Kwa hiyo watu sitini waliokaa wamenyooka na kofia zao walisikia mlio, kisha sauti yangu kutoka mbinguni ikisema:

"Mchungaji, harusi hakuna. Dada yangu haji. Ameshika—"

Na mtandao ukakatika, kama kawaida yake pale Goose Fork.

Mchungaji alinisimulia baadaye. Anasema nyenje wa nje walisikika kama wako ndani. Ansel alikaa kwenye ngazi ya madhabahu, akalegeza tai, akasema polepole, "Nilijua ilikuwa nzuri kupita kiasi." Shangazi zake wawili wakaanza kulia. Mchungaji akanipigia tena, bado spika zimeunganishwa.

"Verena, ameshika nini? Ameshika njia?"

"Ameshika mwamba! Tumbawe! Liko chini ya Mkeka, ndani kabisa, na linataka kuanguka! Mwambie Ansel aje Goose Fork sasa hivi!"

Ansel aliruka kama mtu aliyeumwa na nyuki.

"Chini ya Mkeka? Haiwezekani!"

Akatoka mbio katikati ya viti, na nyuma yake chama kizima cha visukuku, watu kumi na wanane wa umri wa pensheni katika nguo zao za kanisani, wakipigana vikumbo mlangoni. Mchungaji anaapa kwamba Ansel hakuwa na uso wa mtu anayemkimbilia mchumba. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kupinga.

Lakini aliyetufikia kwanza si yeye. Gari la polisi wa kaunti lilisimama nyuma ya langu, taa zikizunguka, akashuka afande mmoja mrefu, Royce Padgett, ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu.

"Mama," akamwambia Leota, "hapa haparuhusiwi kusimama."

"Sijasimama, afande. Nimeegemea."

Royce akamtazama kuanzia viatu hadi kisogo. Nyenje wawili walikuwa wamenasa kwenye dawa ya nywele na walikuwa wakiimba kwa nguvu zote.

"Kuna mtu ninayeweza kumpigia simu kwa ajili yako?"

"Ameshapigiwa. Anakuja. Ni bwana harusi."

"Mama, huu ukuta ni mali ya jimbo. Siwezi kukuruhusu—"

"Ni mali ya jimbo?"

"Ndiyo."

"Na wewe unafanya kazi ya serikali?"

"Ya kaunti, mama."

"Basi njoo uishikilie mali ya umma, bega langu linawaka moto."

Namheshimu Royce kwa alichofanya. Alisimama kidogo, akavua kofia, akaiweka juu ya gari langu, akapanda kifusi na kuweka mabega yake makubwa chini ya lile pande. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anajuta, "Shangazi, kwenye buti yangu kuna jeki."

"Shangazi wa nani? Tuko umri mmoja."

"Samahani. Dada."

Nikaleta jeki na ubao. Tukaisimika jeki chini ya pande, Royce akazungusha mpini wake mpaka mwamba ukakaa. Leota hakutaka kuachia. Alisema jeki haijui uzito wa jambo lenyewe. Ilibidi nimvute kiunoni.

Mikono yake ilipokuwa huru, Leota akaanza kazi. Alihitaji kuweka alama kila tabaka kabla mwamba haujasogea tena, ili kila mtu aone tumbawe liko wapi na Mkeka uko wapi. Hakuwa na misumari wala rangi. Akapeleka mkono kichwani.

"Leota," nikasema. "Hapana. Tafadhali."

Akachomoa kibanio cha kwanza, akakichomeka kwenye ufa. Cha pili. Cha tatu. Kazi yangu ya saa mbili ikaanza kushuka upande mmoja. Kufikia kibanio cha ishirini, lile fundo lilikuwa limelala begani kama paka aliyechoka, na ukuta wa Goose Fork ulikuwa umepambwa vizuri kuliko bibi harusi.

Hapo ndipo magari yalipofika. Yalikuwa mengi, yameandamana na taa zimewashwa, kiasi kwamba madereva wa upande wa pili walisimama kwa heshima wakidhani ni mazishi. Ansel alishuka pikapu likiwa halijatulia vizuri.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Tazama."

"Una damu kwenye kidevu."

"Ansel. Tazama!"

Akapanda. Suti yake ilikuwa ya kijivu kama ule mwamba. Watu sitini wakajipanga pembezoni mwa barabara, kofia na maua na zawadi mikononi. Ansel akalitazama tumbawe kutoka mbali, akapumua kwa pua, akafungua mdomo.

"Limeangu—"

"Ukimalizia neno hilo," Leota akasema, "mimi nageuza gari narudi nyumbani."

Akafunga mdomo. Akanyoosha mkono bila kumtazama. Leota akaingiza vidole kwenye lasi ya shingo, akatoa lenzi yake iliyokuwa kwenye uzi chini ya gauni, akampa. Kwa kweli sikujua kwamba alikuwa ameivaa. Nilikuwa nimemfunga gauni lile mimi mwenyewe.

Ansel akalala kifudifudi kwenye matope.

"Huenda ni ufa wa zamani," akasema kutoka kule chini. "Lilitumbukia, udongo ukaganda juu yake."

"Tafuta ufa."

Akautafuta. Aliupapasa mwamba kwa ukucha wa kidole chake cha mwisho, taratibu, kama kipofu anayesoma. Hakukuwa na ufa. Mistari myembamba ya matabaka ilipita kushoto, ilipofika kwenye tumbawe ikainuka ikalizunguka, ikashuka, ikaendelea kulia. Matope ya bahari yalikuwa yametua juu yake kidogo kidogo, pale pale lilipokuwa limesimama.

"Huenda si tumbawe. Huenda ni—"

"Hesabu kuta zake, hiyo mistari."

Akazihesabu, midomo ikicheza. Kisha akatoa mfukoni futi ya kupimia, ya chuma, ambayo alikuwa ameibeba kwenye harusi yake mwenyewe, akapima kutoka Mkeka hadi tumbawe. Akapima tena.

"Futi sita na inchi nne," akasema.

"Chini," akasema Leota.

"Chini."

Halafu akabaki amelala hivyo hivyo mpaka shangazi yake mmoja akauliza kwa nguvu iwapo amekufa. Nilisogea nikamwona uso. Alikuwa analia, tena huku anacheka, bila kutoa sauti yoyote, mabega tu yakiruka. Akageuka chali, tumbo juu, akamtazama Leota aliyekuwa amesimama juu yake na zile nywele.

"Limo," akasema. "Mungu wangu, Leota. Limo!"

"Nilikwambia."

"Uliniambia! Miaka kumi na moja uliniambia!" Akasimama, matope yanamchuruzika, akawageukia watu. "Nimekosea! Jamani, nimekosea kabisa!" Lori kubwa lilikuwa linapita, akalipungia mikono yote miwili. "Nimekosea!" Dereva akampigia honi ndefu. Lililofuata nalo likapiga. Chama cha visukuku wakaanza kupanda kifusi wote kwa pamoja, kila mtu na lenzi yake, kumbe walikuwa nazo wote, mifukoni na kwenye mikoba, na mzee mmoja ametundika yake chini ya tai.

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kushindwa namna ile. Alimbeba Leota akamzungusha, na mgongo wake ukalalamika, akamweka chini, akamzungusha tena.

"Waliotangulia," alikuwa akirudia. "Unafikiri walikuwa wangapi? Walikaa muda gani? Walitokea upande gani, kaskazini au magharibi? Leota, kuna mkondo tusioujua!"

"Kuna harusi pia," akasema Mchungaji Maxine kutoka chini. Alikuwa amekuja na joho lake na kitabu, na saa yake ya mkononi ilikuwa inaonyesha saa tano na nusu. "Mnakuja kanisani au nipande?"

Leota akamtazama Ansel. Ansel akalitazama tumbawe.

"Jeki inaweza kuteleza," akasema.

"Inaweza," akakubali Leota.

Mchungaji akapanda. Royce, ambaye sasa hakuwa na namna, akarudi barabarani kuongoza magari, na kila dereva aliyeuliza kumetokea ajali gani alimjibu, "Harusi, songa mbele." Nyenje walikuwa wamefika kilele cha kelele zao, wale wa saa za jua kali, na ilibidi viapo vitolewe kwa kupiga kelele kama tuko kwenye uwanja wa mpira.

"Ansel, unamkubali Leota kuwa mke wako?"

"Nini?"

"Unamkubali?"

"Nani?"

"Huyu hapa, mwanamume we! Mwenye matope!"

"Ah! Huyu! Ndiyo! Ndiyo, namkubali!"

"Leota, unamkubali Ansel kuwa mume wako?"

"Namkubali, ila aandike!"

"Aandike nini?"

"Kwenye jarida la chama! Kwamba alikosea! Ukurasa wa kwanza!"

"Hilo halimo kwenye kiapo, Leota."

"Litie!"

Mchungaji akamgeukia Ansel. Ansel akapiga kelele kwamba ataandika kurasa mbili na kuchora michoro. Pete ikaingia kidoleni baada ya kufutwa matope kwenye joho la Mchungaji, na waliposhikana kubusiana nyenje mmoja akatoka kwenye nywele za dada yangu akatua kwenye pua ya mumewe, na picha hiyo ndiyo ambayo watu wengi wameiona.

Ukumbini tulichelewa saa mbili nzima. Mchuzi wa nyama ya kusaga na pilipili uliokuwa umwagwe juu ya tambi ulikuwa umekauka, ukaongezwa maji, na ulikuwa mtamu kuliko yote niliyowahi kula. Bibi na bwana harusi waliingia na miguu mitupu. Pande la mwamba lilikuwa limeshapigwa picha pande zote, likashushwa kwa kamba na wanaume sita, likalala kwenye pikapu chini ya blanketi la mtoto aliyeombwa kulitoa kwa hiari. Kila nusu saa Ansel alitoka nje kulichungulia. Royce alikuja baada ya zamu kuchukua jeki yake. Nilimwambia jeki bado ina matope, aketi kwanza ale. Akaketi. Akacheza dansi ya polka nami mara nne, na anacheza vibaya mno, na hilo tuliache hapo.

Jumatatu akaja profesa kutoka chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye buti kubwa, anaitwa Imogen Tarrant. Alilikagua tumbawe saa nzima, huku Leota na Ansel wamesimama nyuma yake wameshikana mikono kama watoto waliovunja dirisha. Mwishowe akasema ni kitu kizuri sana, ila tumbawe moja si kijiji. Moja linaweza kuwa bahati mbaya ya mawimbi. Leteni wenzake.

Maharusi walikuwa wamepanga fungate ya wiki mbili kwenye ufuo wa Ziwa Michigan. Wakafuta. Wakaomba kibali cha jimbo, wakakipata, na majira yote ya joto walikuwa Goose Fork na kofia zao za majani, wakipekua tabaka moja lisilozidi unene wa kitabu. Kufikia Septemba walikuwa wamepata manne mengine, na kombe moja la mikunjo mikali lililomfanya Ansel aketi chini. Yote yalikuwa madogo. Hakuna hata moja lililofikia ukubwa wa mtu mzima. Profesa alisema inaelekea vifaranga vilifika, vikashika mahali, vikaanza maisha, kisha matope au baridi vikavikatiza. Anaandika makala, na majina yao wawili yatakuwemo. Amekuwa mwangalifu kutosema zaidi ya hapo, nami nitamwiga.

Ansel aliandika alichoahidi, kurasa mbili na michoro. Ila kinachonichekesha mimi ni kilichotokea kati yao. Ansel amekuwa muumini. Sasa anashikilia kwamba wageni walijaribu mara tatu, si mara mbili, na kwamba kuna tabaka lingine chini zaidi ambalo hakuna aliyelitazama vizuri. Na Leota, dada yangu yule yule, amegeuka kuwa mtu wa mashaka. Anamdai ushahidi kwa kila sentensi.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao kwa kifungua kinywa. Ansel alikuwa anachora bahari ya kale kwenye sahani yake kwa asali ya utomvu wa mti, akitumia vipande vya soseji kama visiwa.

"Mkondo unaingia hapa, shemeji, angalia, unazunguka hapa, unabeba vifaranga—"

"Unabeba kwa kasi gani?" Leota akauliza. "Kifaranga kinaishi siku ngapi majini? Umepiga hesabu?"

"Nitapiga."

"Bado hujapiga, na umeshajenga nchi nzima ya soseji."

"Mwanamke huyu ananitesa," Ansel akaniambia, uso wake unang'aa kwa raha.

Mvua iliyokuwa inapiga paa ikakoma. Wote wawili wakainua vichwa kwa wakati mmoja. Viti vikasukumwa, buti zikavutwa chini ya benchi, mlango ukagonga, pikapu likanguruma, nami nikabaki mezani na uma mkononi katika nyumba isiyo yangu. Nikacheka peke yangu. Nikakusanya sahani, nikafungulia maji, nikaanza kuosha.

Sikuwa nimemaliza vikombe niliposikia pikapu linarudi kinyumenyume uani, tena kwa fujo, likagonga pipa la takataka.

"Verena!" Leota alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili. "Tumekusahau! Njoo!"

"Nina povu hadi viwikoni!"

"Njoo na povu lako!"

"Sina buti!"

"Ansel anazo jozi mbili! Kimbia, maji bado yanatiririka kwenye mwamba!"

Nikaacha bomba likichuruzika na nikakimbia.